Mkate na Maji: Hofu na Matumaini katika Tungo Mbili za Pate

Limekuwa jambo la kawaida kusikia kwamba ushairi wa dini wa pwani ya Waswahili ni ushairi wa kutisha. Wanaosema hivyo hawakosi ushahidi. Tungo nyingi za kale humlaza binadamu kaburini, wadudu wakamzunguka, kisha humsimamisha kiyamani na mizani mbele yake na moto ubavuni. Kijana anayezisoma darasani hutoka na fikra kwamba wazee wake walimjua Mola kwa adhabu yake tu. Habari ya mtu kumkaribia Mola wake, kumlilia, kumtaraji na kupata faraja kwake, huidhani ni habari ya juzi, iliyoletwa na vitabu vya wageni. Shutuma hii ni nzito, maana haiwagusi watunzi peke yao. Inagusa suala la wapi aende kutafuta maneno mtu aliyekata tamaa, ambaye Kiswahili ndicho alicholelewa nacho.

Shutuma hiyo inastahili kujibiwa kwa maandishi yenyewe, wala si kwa hamaki. Kisiwa cha Pate peke yake kimetoa tungo mbili zinazotosha kuipima. Ya kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, ambayo hukadiriwa kuwa ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ya pili ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858. Baina ya tungo hizi upo muda wa nusu karne hivi. Zote mbili zimehifadhiwa kwa ghibu, zimenakiliwa kwa mkono, zimechapishwa na kufasiriwa. Hata hivyo kila moja imezoewa kusomwa peke yake, tena kwa upande mmoja: ya kwanza kama maombolezo ya mji uliokufa, ya pili kama mafunzo ya mke kwa mumewe. Zikiwekwa pamoja, huonekana jambo ambalo halionekani zikitengwa. Huonekana namna watu wa kisiwa kimoja walivyoijua njia ya moyo kutoka usingizini hadi kwenye matumaini, na namna walivyojua kwamba njia hiyo ina vituo viwili, wala kimoja hakitoshi.

Ili kulifahamu jambo hili hapana budi kumtaja kwanza mtu ambaye hakuwa Mswahili wala hakufika pwani hii, lakini vitabu vyake vilifika. Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 1058, na akafariki huko huko mwaka 1111. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, cheo ambacho mwanachuoni wa zama zile hakuwa na kikubwa zaidi cha kukitamani. Miaka minne baadaye ulimi wake ulifunga. Alikaa mbele ya wanafunzi akashindwa kutamka neno. Chakula hakikupita kooni. Matabibu wakakiri kwamba maradhi yameanzia moyoni na kwamba dawa zao hazifiki huko. Habari hizi amezisimulia mwenyewe katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu alichokiandika katika miaka yake ya mwisho.

Kinachokifanya kitabu hicho kiwe na uzito hadi leo ni ukweli wa msimulizi juu ya nafsi yake. Ghazali hasemi kwamba alipungukiwa na elimu. Anasema kwamba alipoipima nia yake ya kufundisha, aliikuta imesimama juu ya kutaka jina. Kwa muda wa karibu miezi sita alikuwa akiamua asubuhi kuondoka na jioni akaahirisha. Kabla ya hapo, katika ujana wake, alikwisha kupita kwenye shaka iliyo kali zaidi: kwa muda wa miezi miwili hivi hakuziamini hata hisia zake wala akili yake. Anaeleza kwamba kilichomtoa katika shaka ile hakikuwa hoja iliyopangwa, ila nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Na kilichomtoa Baghdad mwaka 1095 ni kumwendea Mola wake kama mtu aliyefikwa na dharura, asiye na hila iliyobaki. Aligawa mali, akabakisha ya kuwatosha watoto na nafsi yake, akaenda Damascus, kisha Baitul Muqaddas, kisha Hija. Imani iliyorudi haikuwa ile ya kurithi aliyokuwa nayo utotoni. Ilikuwa imani ya mtu aliyejibiwa.

Kutokana na safari hiyo kilizaliwa kitabu kikubwa cha Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu arobaini ndani yake. Masharifu wa Hadhramaut waliohamia Pate, Lamu na visiwa vingine walikuja na njia ya Alawiyya, njia inayoitukuza mno Ihya. Hapana haja ya kudai kwamba Sayyid Abdallah alikuwa nacho kitabu hicho mkononi alipokuwa akitunga, wala kwamba Mwana Kupona alikisoma. Yatosha kusema kwamba hewa waliyoivuta ilikuwa na harufu yake. Na ndani ya Ihya kimo kitabu juu ya hofu na matumaini, ambacho kina mambo matatu yanayofaa sana kwa mhakiki wa tungo hizi.

La kwanza ni kwamba hofu na matumaini ni mabawa mawili: mwenye kwenda kwa Mola wake huruka kwa yote mawili. La pili ni jibu la Ghazali kwa wanaouliza lipi bora kati ya hayo mawili. Anasema kuuliza hivyo ni sawa na kuuliza kipi bora, mkate au maji. Mwenye njaa anahitaji mkate, mwenye kiu anahitaji maji. Aliyeghafilika na kujiona salama, dawa yake ni hofu. Aliyeelemewa na kukata tamaa, dawa yake ni matumaini. Na mtu anayekaribia mauti, matumaini ndiyo yanayomfaa zaidi. La tatu ni mfano wa mkulima. Mtu aliyechagua ardhi nzuri, akapanda mbegu njema, akanyeshea na kupalilia, kisha akakaa kumngojea Mola amkinge na maafa, kungoja kwake ndiko kunakoitwa matumaini. Aliyepanda katika ardhi kavu ya chumvi, asipalilie, kisha akangoja mavuno, huyo yumo katika ghururi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaujua ugumu wa jambo hili. Neno tamaa lina nyuso mbili. Husemwa tamaa mbele, mauti nyuma, na hapo tamaa ni uchu unaoangamiza. Husemwa pia mtu asikate tamaa, na hapo tamaa ni uzi unaomshikilia asizame. Neno ni moja; kinachotenganisha ni kazi iliyotangulia na anayetarajiwa. Mfano wa mkulima na neno la Waswahili vinakutana papo hapo.

Sasa na tuirudie Al-Inkishafi. Hili ni shairi la beti zinazokaribia themanini. Kila mshororo una mizani kumi zilizokatwa baada ya ya sita. Mishororo mitatu ya kila ubeti hukubaliana kwa kina, na wa nne hurudi daima kwenye kina kimoja cha ye tangu mwanzo hadi mwisho. Umbo hili si pambo tu. Kile kina kinachorejea ni kama mlango mmoja ambao kila ubeti hutokea kwao, hata mtunzi awe anataja bahari, makasri au jahanamu. Msikilizaji hawezi kutawanyika, maana sauti ile humrudisha pale pale.

Anayesemeshwa katika kiini cha shairi ni moyo wa mtunzi mwenyewe. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo wanaolishutumu shairi huwa hawalioni. Sayyid Abdallah hakupanda mimbari kuwatisha majirani. Aliukalisha moyo wake mbele yake akauuliza mbona hauzingatii. Dunia anaufananishia na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, ambayo anayeipanda huangamia. Anaufananishia na kisima kisicho ukingo, chenye ng'ombe mkali kando yake, ambaye kila ajaye kuteka humpiga pembe asiyanywe maji. Anaufananishia na vumbi linaloonekana katika mwale wa jua, ambalo mkono ukilifuata haupati kitu, na mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu. Mifano hii haina adhabu ndani yake. Ni mifano ya mtu anayeeleza kwa nini hakushiba.

Kisha huja sehemu iliyolipa shairi umaarufu wake. Zinatajwa nyumba za matajiri wa Pate zilizokuwa na taa za shaba na za kioo, usiku ukang'aa kama mchana. Vidaka vilivyojaa sahani za Kichina. Vitanda, mito na watumishi. Baadaye vidaka vile vile vimekuwa viota vya makinda ya ndege, bundi analia ndani, na nyua zimekuwa vichaka. Waliokuwa wenyeji wanatajwa kwa majina, na moyo unaulizwa wako wapi. Wasomi wa Ulaya waliolihariri shairi hili, akiwemo William Hichens aliyelichapisha mwaka 1939 na James de Vere Allen aliyelichapisha mwaka 1977, walivutwa sana na magofu hayo, na wana haki ya kuvutwa: Pate iliyokuwa na nguvu na utajiri katika karne ya 18 ilikuwa imeanguka. Hata hivyo vichwa walivyovipa vitabu vyao vina ukweli kuliko maelezo mengi yaliyofuata. Mmoja aliita ni kuamka kwa nafsi, mwingine akaita ni masailiano ya nafsi. Wote wawili waliona kwamba magofu ya Pate yamo katika shairi kwa ajili ya moyo, wala moyo haumo kwa ajili ya magofu.

Jina la shairi linaelekeza huko huko. Inkishafi ni kufunuka, kuondoka kwa pazia. Kinachofunuliwa si habari mpya, kwa sababu kila mtu wa Pate alijua kwamba nyumba zile zimekuwa magofu. Alikuwa akizipita kila siku. Kinachofunuliwa ni kwamba yule mpitaji ni mmoja wao. Kujua jambo na kufunuliwa jambo ni vitu viwili, na hii ndiyo tofauti ambayo Ghazali aliilipia kwa miaka yake ya kutangatanga. Alikuwa akiwafundisha watu habari za mauti na akhera, wala habari hizo zilikuwa hazijamfikia mwenyewe.

Hapa shutuma iliyotajwa mwanzo hupata nguvu yake kubwa. Baada ya kaburi, shairi linakwenda kiyamani, na kutoka kiyamani linaingia motoni. Linazitaja Jahimu, Hawiya, Sairi, Ladha na Hutama, kisha linakatika. Pepo haielezwi. Wengi wamesema kwamba shairi halikumalizika, kwamba mauti yalimkuta mtunzi njiani au karatasi za mwisho zilipotea. Rai hii ina mashiko, kwani Ghazali naye, katika kitabu cha mwisho cha Ihya, anafuata mpango unaofanana na huo: mauti, kaburi, kufufuliwa, hesabu, moto. Lakini yeye anaendelea. Baada ya moto anaieleza pepo, na mwisho kabisa anaweka mlango juu ya upana wa rehema ya Mwenyezi Mungu, akisema kwamba anahitimisha hivyo kwa kutaraji heri. Msomaji anayeujua mpango huo, akifika mwisho wa Al-Inkishafi, huhisi kama mtu aliyepanda ngazi akakuta vidato vya juu havipo.

Je, basi Al-Inkishafi ni shairi lisilo na matumaini? Jibu linategemea mahali matumaini yanapotafutwa. Yakitafutwa mwishoni, hayapo. Lakini yapo mahali pengine pawili. Pa kwanza ni ubeti wa ufunguzi, ambapo mtunzi anaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, akiyataja kwa wazi majina ya Rahmani na Rahimu. Ni desturi ya kila mtunzi, itasemwa. Ni kweli, lakini desturi haina maana ya utupu. Moto wa mwishoni unatajwa na mtu ambaye neno lake la kwanza lilikuwa rehema, na kila kinachofuata kimesimama chini ya neno hilo. Pa pili ni kitendo chenyewe cha kuusemesha moyo. Mtu hausemeshi moyo aliokwisha kuuzika. Anayeukemea moyo wake beti baada ya beti anaamini kwamba bado unasikia, na kwamba kesho unaweza kuwa kinyume na ulivyo leo. Aliyekata tamaa kweli hatungi. Hukaa kimya, kama Ghazali alivyokaa kimya kitini pake.

Pamoja na hayo, mhakiki mwadilifu hatalibebesha shairi mzigo lisioweza kuubeba. Al-Inkishafi ni mkate. Limetungwa kwa ajili ya moyo ulioshiba dunia ukadhani ni salama, na kwa moyo wa namna hiyo hapana shairi la Kiswahili linalolifikia. Lakini mtu akifika kwa mgonjwa aliyelala mwezi wa tatu, au kwa mama aliyezika mwana, akamsomea beti za Hutama, amempa mkate mkavu mtu anayekufa kwa kiu. Kosa hapo si la Sayyid Abdallah. Ni la msomaji asiyejua shairi hili ni dawa ya maradhi gani. Na sehemu kubwa ya shutuma dhidi ya ushairi wa dini wa pwani imezaliwa na kosa hilo: tungo za kuamsha zimesomewa watu waliokwisha kuamka, waliokuwa wakilia.

Maji yamo katika kisiwa hicho hicho. Mwana Kupona alikuwa mjane alipotunga. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na masultani wa Zanzibar, alifariki mwaka 1856. Yeye mwenyewe, kwa maelezo yaliyo ndani ya utendi, alikuwa ameshikwa na maradhi yaliyotimiza mwaka mzima. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mama anamwambia ana maneno ya kumwachia, na maneno hayo anayafananisha na hirizi ya kuvaliwa na mapambo ya shingoni. Baada ya miaka michache alifariki.

Utendi huu umepata bahati na bahati mbaya kwa pamoja. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha mwaka 1934 kwa jina linaloufanya kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo mjadala umekwama mlangoni mwa chumba cha mume. Wako wanaoutukuza kwa kumfunza binti utiifu. Wako wanaoulaumu kwa jambo hilo hilo. Wako wanaotafuta dhihaka iliyofichwa chini ya utiifu ule. Mabishano haya yana faida yake, lakini yote husimama nusu ya njia. Utendi una beti mia na ushei, na nasaha haziujazi wote. Zinapokwisha, mama anamwacha binti na kugeuka. Beti zinazofuata si wosia tena, ni dua. Mwanamke yule anasema na Mola wake.

Katika dua hiyo anamwita kwa majina yake, anaungama imani yake, anawaombea watoto wake, jamaa zake na Waislamu. Anaomba aondolewe maradhi. Anaomba msamaha. Sauti inabadilika kabisa: yule aliyekuwa akiagiza sasa anaomba, na aliyekuwa mama mbele ya mwana sasa ni mja mbele ya Mola. Mizani ni zile zile nane za utendi, fupi, zenye pumzi ya mtu asiyeweza kusema mengi kwa mara moja. Katika masimulizi ya vita mizani hizi hukimbia kama farasi. Mdomoni mwa mgonjwa zinakuwa maneno yanayotoka kidogo kidogo baina ya pumzi na pumzi. Hapa fani na maudhui havikuwekwa pamoja kwa hila. Vimekutana kwa sababu mtunzi alikuwa na haja.

Inafaa kuangalia pia mpangilio. Lau kama Mwana Kupona angeanza kwa dua na kumalizia kwa nasaha, utendi wake ungekuwa kitabu cha malezi chenye kisomo cha ufunguzi. Alifanya kinyume. Kwanza alitimiza lililokuwa juu yake kwa mwanawe: akamtajia haki za Mwenyezi Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume, akamsimulia namna alivyoishi na marehemu na radhi alizozipata kwake, akampa alichokuwa nacho. Baada ya kuimaliza kazi hiyo ndipo alipokunjua mikono. Huyu ndiye yule mkulima wa Ghazali. Amelima, amepanda, amepalilia. Sasa anatazama juu kungoja mvua ambayo haimo katika uwezo wake. Kwa hiyo matumaini yake hayawezi kuitwa ghururi, na wala hayana uchu. Anaomba kupona na huku ameweka wosia. Mtu aliyekata tamaa asingeomba kupona, na mtu aliyedanganyika asingeweka wosia. Kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja ni ukomavu wa imani ambao wanafalsafa wengi hawakuufikia.

Kuna watakaosema kwamba dua ya Mwana Kupona haina upya, kwamba majina yale ya Mwenyezi Mungu na maombi yale yamo katika kila kitabu cha dua kilichouzwa pwani. Pingamizi hili linadhani kwamba uhusiano wa mtu na Mola wake ni lazima uwe na maneno ambayo hayajawahi kusemwa. Mapokeo ya pwani hayafikiri hivyo. Maneno yanarithiwa, haja ndiyo ya mtu mwenyewe. Maelfu ya wanawake walikwisha kuomba watoto wao wahifadhiwe, lakini watoto waliotajwa hapa ni wa Mwana Kupona, na ndwele iliyotajwa ni yake. Upya wa dua haumo katika lafudhi. Umo katika mtu anayeileta. Anayefasiri utendi huu katika lugha nyingine huligundua hilo haraka: nasaha hufasirika kwa urahisi, kwa kuwa zina mawazo, dua huponyoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake imo katika mazoea ya masikio yaliyoyasikia maneno hayo tangu utotoni, vitandani mwa wagonjwa na baada ya sala ya alfajiri.

Tofauti ya tungo hizi mbili sasa yaweza kusemwa kwa uwazi. Katika Al-Inkishafi mtu anasema na moyo wake mbele ya Mola. Katika utendi wa Mwana Kupona mtu anasema na Mola wake, moyo ukiwa umekwisha kuamka. La kwanza limetungwa na msomi mwanamume, kwa mizani ndefu, kwa sauti ya anayehoji. La pili limetungwa na mwanamke mgonjwa, kwa mizani fupi, kwa sauti ya anayeomba. La kwanza linakatika mlangoni mwa moto. La pili linafunga kwa dua na tarehe, kama barua iliyokamilika ikasubiri majibu. Vidato vilivyokosekana juu ya ngazi ya Sayyid Abdallah viliwekwa, bila ya yeyote kukusudia, na mjane wa kisiwa kile kile.

Kwa hiyo shutuma ya kwamba pwani haikujua ila hofu inaanguka, lakini inaanguka juu ya mabega ya wachapishaji, walimu na wahakiki. Ni wao wanaokata vipande vya kuwekwa katika vitabu vya shule, na mara nyingi mkato hupita baada ya makasri yaliyobomoka na baada ya wajibu wa mke. Mwanafunzi hupewa kisima chenye ng'ombe mkali, hapewi mtu aliyepata kuyanywa maji. Toleo linaloziweka tungo hizi mbili ndani ya jalada moja, kamili, kwa sherehe ya maneno ya Kiamu na Kipate yanayowasumbua wasomaji wa leo, lingekuwa na faida kuliko makala kumi za kutetea ushairi wa dini.

Na iko faida nyingine, iliyo nje ya madarasa. Mji wowote wa pwani unao watu ambao imani yao imechoka: waliofiwa, wagonjwa wa muda mrefu, wasomi ambao elimu yao imewakausha kama ilivyomkausha Ghazali. Aghalabu watu hawa huambiwa moja ya mawili, ama watubu haraka kabla hawajachelewa, ama wasijali, mambo yatakuwa mazuri. Maneno ya kwanza huwatisha walio na hofu tayari, na ya pili huwapa mbegu isiyo na shamba. Mwana Kupona hakusema lolote katika hayo. Alimaliza kazi iliyokuwa mbele yake, akaitaja ndwele yake kwa jina la ndwele, akamwambia Mola wake anachokitaka, akaandika tarehe. Mtu asiyejua pa kuanzia anaweza kuanzia hapo.